Tisini ya Sista Mkunga

Mwanamke wa kwanza niliyemwona akiendesha pikipiki alikuwa amevaa shela la kitawa. Nyuma yake, kwenye sehemu ya kubebea mizigo, alikuwa amefunga tenga la mianzi lenye beseni, mkasi na vitambaa safi vya kupokelea mtoto. Alikuwa mkunga wa zahanati ya misheni yetu, juu huko Mgeta, ambako mashamba ya kabichi na njegere yamechongwa ubavuni mwa mlima kama ngazi. Masista pale misheni walikuwa wengi, lakini mwenye pikipiki alikuwa yeye peke yake, na watu wote walimwita Sista Mkunga.

Pikipiki yenyewe tuliiita Tisini, kwa sababu ya ukubwa wa injini yake. Jina la kiwanda kilichoitengeneza silitaji, na kwetu halikuwahi kuwa na maana ya kiwanda. Jina hilo ndilo lilikuwa neno la pikipiki. Mtu akipanda mlima na pikipiki ya kampuni nyingine kabisa, tuliiita kwa jina hilohilo na hakuna aliyetusahihisha.

Nilianza kuifahamu Tisini kwa karibu siku mama alipojifungua mdogo wetu wa mwisho. Sista alifika asubuhi, magurudumu yamejaa tope jekundu, akaiegemeza kwenye ukuta wa jiko na kuingia ndani. Mimi nilikuwa msichana mdogo bado, nikaambiwa nikae nje nisipige kelele. Nikachukua kitambaa na maji nikaanza kuifuta. Nilifuta zile ngao mbili nyeupe za plastiki zinazokinga miguu isirukiwe na tope. Nilifuta taa, nikafuta bati refu lililofunika mnyororo wote. Kilichonishangaza ni kwamba katikati palikuwa wazi. Pikipiki ya mwalimu mkuu ilikuwa na tanki la mafuta mbele ya kiti, mpaka uinue mguu juu kama anayeruka uzio. Hii ungeweza kuingia tu, kama unavyoingia mlangoni.

Sista alipotoka, mikono yake ikinuka sabuni ya dawa, aliniambia nina mdogo wa kiume. Kisha akaitazama pikipiki yake.

"Nani ameiosha?"

"Mimi, Sista."

"Haya, basi na kuiwasha uiwashe wewe. Weka mguu hapo. Usiusukume taratibu kama unaogopa kumuumiza. Mkanyage!"

Nikapiga kiki. Mara ya kwanza haikuitika. Mara ya pili ikawaka, nikahisi mtetemo wake unapanda kutoka kwenye unyayo hadi kwenye meno. Sista akaingia, akakunja sketi yake vizuri, akakaa.

"Umeiwasha wewe," akasema. "Ikizima njiani, nitajua wa kumlaumu."

Akaondoka akicheka. Niliisikiliza mpaka sauti yake ikapotea nyuma ya bonde, na tangu siku ile niliposikia injini yoyote nilitaka kujua ndani yake kunafanyika nini.

Nilipomaliza shule nikasema nataka kwenda mjini Morogoro kusomea ufundi wa magari na pikipiki. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno zito. Mjomba wangu alikuja akakaa kwenye kiti cha uvivu, akakunja uso.

"Msichana na grisi? Ushonaji upo, upishi upo. Grisi ya nini?"

Mama alikuwa anamenya viazi, hata hakuinua kichwa. "Na Sista Mkunga je? Ile pikipiki yake nani huifungua plagi inapogoma, kaka? Si yeye mwenyewe?"

Watoto wote wa mjomba walikuwa wamepokelewa na Sista, na huwezi kumsema vibaya mtu aliyewahi kumtoa mkeo kwenye hatari. Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akasema nitahitaji viatu imara. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Chuoni nilikuwa msichana pekee katika darasa la injini. Sikulia wala sikukimbia, na baada ya muda wenzangu walichoka kunitania. Mwalimu wetu alikuwa mzee mrefu aliyetumia maisha yake kwenye karakana ya mashamba ya miwa, huko Turiani. Alikuwa na mapenzi ya wazi kabisa na pikipiki za kiwanda kile kimoja. Siku alipotufundisha mfumo wa klachi aliacha klachi ubaoni akaanza kusimulia.

Alituambia kwamba baada ya vita kuu ya pili, kule Japani, mabasi na treni havikutosha na mafuta yalikuwa ya shida. Fundi mmoja, mtoto wa mhunzi, akapata vijiinjini vidogo vya jeshi vilivyokuwa vikizalisha umeme wa redio. Akavifunga kwenye baiskeli. Inasemekana mkewe ndiye aliyeiendesha mtaani, watu waone kwamba hata mama wa nyumbani anaimudu. Vijiinjini vilipokwisha akaanza kutengeneza vya kwake, na hapo ndipo kiwanda kilipozaliwa. Zama zile pikipiki ndogo nyingi zilichoma oili pamoja na petroli, zikapita na wingu la moshi wa bluu nyuma. Yeye akashikilia injini ya mapigo manne, tulivu, isiyo na uroho wa mafuta.

"Halafu ikaja Hamsini," mwalimu akasema, na akaichora ubaoni kwa mkono mmoja, haraka, kama mtu anayeandika jina lake. "Walitaka pikipiki ambayo kijana wa mgahawa ataiendesha kwa mkono mmoja, mkono wa pili umebeba sinia la chakula cha wateja. Kwa hiyo wakaondoa klachi ya kushika mkononi, unabadilisha gia kwa mguu tu. Mnyororo wakaufunika usichafue nguo. Magurudumu wakayafanya makubwa kwa sababu barabara zao wakati huo zilikuwa kama zetu. Na hapa katikati wakapaacha wazi. Mnajua kwa nini?"

Nikainua mkono.

"Kwa ajili ya mtu aliyevaa sketi," nikasema.

Akageuka akaniangalia. "Ulisoma wapi hayo?"

"Nilimwona Sista akiipanda."

Wavulana wakacheka, naye mwalimu akacheka nao, lakini akaongeza kwamba jibu ni hilohilo. Hamsini ikapata ndugu zake, Sabini, Tisini, baadaye Mia, na ukoo huo ndio uliotengenezwa kwa wingi kuliko chombo kingine chochote cha injini duniani. Kiwanda hichohicho kilipeleka pikipiki kwenye mashindano ya Ulaya kikashinda, kikatoa na lile dubwana la silinda nne zilizopangwa safu moja ambalo matajiri walililia. "Hayo mtayaona kwenye picha," mwalimu akasema. "Hizi ndogo ndizo zitakazowalisha."

Alisema kweli. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye karakana ya mradi wa kilimo, na humo nilikutana na jamaa wengine wa ukoo ule. Palikuwa na Mia Ishirini na Tano, ndefu, imenyanyuka kama mbuzi wa milimani, waliyopewa maofisa ugani. Hiyo ilikuwa inataka mtu mwenye miguu mirefu na roho ngumu. Palikuwa na Mia na Kumi ya shambani, niliyoipenda zaidi. Ilikuwa na kijiti kidogo chini ya injini, ukikivuta gia zote zinakuwa nzito, pikipiki inapanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea, imebeba mfuko wa mbolea, wala hailalamiki. Niliijua kila moja kwa kikohozi chake. Mradi ulipofungwa nikachukua sanduku langu la spana nikahamia Kihonda, nikafungua gereji yangu mwenyewe, na mpaka leo nipo hapo.

Siku hizi bodaboda karibu zote ni za India na China. Sizidharau, ni vyombo vya kazi na mimi nazitengeneza kila siku. Lakini mtu mwenye pikipiki ya zamani ya kile kiwanda akifika mjini akauliza fundi, ataelekezwa Kihonda kwa yule mama. Hilo linanipa fahari na silifichi.

Ndivyo padri alivyonipata. Alikuwa paroko mpya wa misheni yetu, kijana bado, mchangamfu, aliyetoka mkoa mwingine. Alisimamisha pikapu mbele ya gereji, nyuma imejaa karoti zinazopelekwa sokoni, na juu ya karoti kimelala kitu kilichofunikwa turubai.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo Padri."

"Marahaba, fundi. Nimekuletea mgonjwa."

Akavuta turubai. Nilimtambua kabla sijaona chochote zaidi ya ngao moja nyeupe. Tisini ya Sista Mkunga ilikuwa imegeuka rangi ya udongo, kiti kimechanika, taa imepasuka, tairi zimelala kabisa. Ilikuwa imekaa stoo ya misheni, nyuma ya madawati mabovu, tangu Sista alipoacha kazi.

Padri akanieleza mpango wake. Misheni ilikuwa inajiandaa kwa jubilei. Alitaka kuheshimu kazi ya masista waliotangulia, kwa hiyo mbele ya zahanati pangejengwa jukwaa dogo la zege, na juu yake ingesimama ile pikipiki, imepakwa rangi, imefungiwa ndani ya kioo.

"Injini usijisumbue nayo," akasema. "Ikingʼaa tu inatosha."

"Sista mwenyewe yupo?"

"Yupo. Miguu imemwishia nguvu, ila kichwa kizima. Anatuendesha wote pale."

"Basi, Padri, nitaitengeneza na injini."

"Ya nini? Haitakwenda popote."

"Padri, unisamehe. Mimi sijui kupaka rangi mzoga."

Akacheka sana, akasema nifanye nitakavyo mradi isichelewe.

Niliifungua yote mpaka nati ya mwisho. Panya walikuwa wamezaliana kwenye kichujio cha hewa. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda, nikaimwagia mchanganyiko wa dizeli na oili, nikaiacha ilowe, nikaigonga kwa kipande cha mti, nikaiacha tena. Nilikuwa sina wasiwasi. Chuma kilichotengenezwa vizuri hakina haraka ya kufa, na hiki nilikijua. Siku ilipoachia ilitoka taratibu, na ukuta wa silinda ulikuwa na mikwaruzo midogo tu. Mnyororo, kwa kuwa ulifunikwa muda wote, ulihitaji kuoshwa na kupakwa mafuta, basi. Spea hazikunisumbua kama watu wanavyodhani, kwa sababu wajukuu wa pikipiki ile bado wanatengenezwa, na vitu vingi vya mjukuu vinamwingia bibi. Vingine nilichongesha kwa fundi wa mashine ya kukerezea, jirani yangu.

Kilichonisimamisha kazi kwa muda ni ngao ya mguu wa kulia. Ilikuwa na ufa mrefu, na ufa ule ulikuwa umeshonwa. Si kwa waya, wala kwa kamba ya plastiki. Ulishonwa kwa uzi wa hospitali, mishono midogo iliyolingana, kila mmoja na fundo lake, kama unavyomshona mama aliyechanika. Nilikaa juu ya ndoo nikaitazama ile mishono. Sijui alikuwa wapi siku ile, ameanguka au amegonga jiwe, lakini nilimwona kabisa amepiga magoti kando ya njia na sindano yake. Nilikuwa nimeshapata ngao mpya. Niliirudisha ngao mpya kwenye boksi, nikaosha ile ya zamani na kuifunga ilivyo.

Ilipowaka ilikuwa mchana, kina mama wanaokaanga mihogo ng'ambo ya barabara wakavuka kuja kuona. Ilitoa moshi mweupe, ikakohoa, ikatafuta pumzi, kisha ikatulia kwenye ule mlio wake laini. Mmoja wa wale mama akasema inaunguruma kama cherehani. Nilipiga makofi peke yangu kama mwendawazimu.

Padri alipokuja na pikapu nikamwambia arudi na mizigo yake mingine, pikipiki nitaipeleka mwenyewe.

"Kwa barabara ile? Jana imenyesha."

"Ilikuwa inapanda kila wiki kabla wewe hujazaliwa, Padri."

Nikaondoka asubuhi. Barabara ya lami mpaka Sangasanga ilikuwa rahisi, kisha nikaacha lami na kuanza kupanda. Hewa ikapoa, migomba ikabaki chini, matuta ya mboga yakaanza. Kwenye kona moja kali lori la kabichi lilikuwa limekwama, na nyuma yake bodaboda kadhaa zinasubiri njia. Vijana wakaniona na kikofia changu na Tisini yangu iliyong'aa.

"Mama, hicho kitapanda kweli?" mmoja akauliza.

"Nipisheni muone."

Nikakanyaga gia ya kwanza, nikapita upande wa ndani, kati ya gurudumu la lori na ukingo wa mlima, pembamba mno kiasi kwamba tope la ukingo lilipaka bega langu. Tairi ya nyuma iliteleza kidogo, ikashika, ikapanda. Wale vijana wakapiga miluzi, na mimi sikugeuka nyuma, maana nilikuwa natabasamu na sikutaka waone jinsi nilivyofurahi.

Juu zaidi injini ikaanza kuwa nzito. Nilitegemea hilo, kwa sababu kule juu hewa ni nyepesi na kabureta niliirekebisha kule chini Kihonda. Nikasimama, nikafungua plagi iliyojaa masizi, nikaifuta, nikageuza skrubu ya hewa kidogo, nikaendelea. Nilifika misheni kabla ya chakula cha mchana.

Sista Mkunga alikuwa kwenye baraza ya nyumba ya masista, kwenye kiti cha magurudumu, na ungo wa njegere alizokuwa akizipukuchua. Alikuwa amekuwa mdogo sana. Lakini alikuwa ameshaacha njegere na kugeuza kiti kuelekea njiani kabla sijatokeza. Nikazima injini, nikamwamkia.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Nani amekuruhusu kuizima? Iwashe."

Nikaiwasha. Akainamisha kichwa akasikiliza.

"Mnyororo umelegea," akasema.

"Haujalegea, Sista. Nimeukaza leo asubuhi."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

"Basi masikio yangu ndiyo yaliyolegea." Akacheka, akanivuta mkono nikae karibu yake. Nikamweleza mimi ni binti wa nani, nikamsimulia ile asubuhi ya mdogo wangu, jinsi nilivyoosha pikipiki na jinsi alivyoniambia nimkanyage. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho.

"Sikumbuki, mwanangu," akasema. "Watoto niliowapokea wamejaa milima hii yote. Siwezi kukudanganya kwamba nakukumbuka."

Nilidhani itaniuma, haikuniuma. Nilikumbuka mimi, ilitosha.

Padri akafika na pikapu, akatuonyesha jukwaa la zege, ambalo lilikuwa limeshamwagwa na kukauka mbele ya zahanati. Akaeleza habari za kioo na maandishi. Sista alimwacha amalize.

"Padri," akasema kwa upole, "ni mimi mnanizika au pikipiki?"

"Hapana, Sista, ni heshima—"

"Mimi bado sijafa. Nayo imefufuka, umeisikia mwenyewe. Huyu binti hapa anakwenda vitongojini kwa miguu." Akamwonyesha sista kijana, muuguzi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono iliyolowa maji ya vyombo. "Gari la zahanati linaishia barabarani. Vitongoji vya juu vina njia ya kupita mtu mmoja. Akipata bodaboda anapanda, asipopata anatembea na mama anamsubiri. Mpeni."

Yule sista kijana alishtuka. "Mimi sijui hata baiskeli, Sista."

"Hata mimi sikujua."

Padri akakuna kichwa. Hakuwa mtu mkaidi, alikuwa anaogopa, na woga wake ulikuwa wa haki. Pikipiki kuukuu, milima, mtawa kijana. Akanigeukia mimi.

"Fundi, niambie ukweli. Si kwa sababu unaipenda. Inaweza kazi?"

Wote wakaniangalia. Nilijua kwamba nikisema ndiyo na ikafeli kwenye korongo, jibu langu ndilo litakaloulizwa. Nikapitia kila kitu kichwani, pistoni, breki, fremu niliyoipiga nyundo pote kusikiliza kama ina ufa. Nikasema, "Inaweza. Lakini ina masharti. Breki zake ni za zamani, kwa hiyo mtelemko ashuke na gia ya kwanza, asiachie. Abiria hapana. Na kila inapokaribia kuchoka iletwe Kihonda kwangu, siyo kwa mtu mwingine. Na kabla ya yote abaki nami hapa nimfundishe, sitaondoka mpaka niridhike."

"Na jukwaa?" padri akauliza.

"Jukwaa halidai chakula," Sista Mkunga akasema. "Liacheni hapo."

Padri akatazama zege lake, akatutazama sisi, akaanza kucheka mwenyewe. Akasema sawa.

Nililala kwa mama yangu wiki ile, na kila siku nikawa nashuka uwanja wa mpira wa shule kumfundisha sista kijana. Mwanzoni alishika usukani kama anayezama. Pedali ya gia inabonyezwa mbele kwa vidole na nyuma kwa kisigino, na yeye kila alipotaka gia alitazama chini. "Macho njiani!" nilimfokea, kisha nikaomba radhi kwa kumfokea mtawa, kisha nikamfokea tena. Siku moja alinyoosha moja kwa moja nje ya uwanja, akashuka tuta la kwanza, akaishia katikati ya kabichi za bibi mmoja, yeye upande huu na pikipiki upande ule. Nikakimbia roho mkononi. Nilimkuta amekaa chini, shela limekwenda upande, anacheka mpaka machozi.

"Kabichi zangu, Sista!" bibi akapiga kelele kutoka juu.

"Nitazila zote, bibi! Nisamehe!"

Nilijua pale kwamba ataweza. Anayecheka baada ya kuanguka hurudi kwenye kiti. Jioni yake alizunguka uwanja mzima bila kutazama chini hata mara moja.

Siku ya mwisho, kabla sijashuka mjini, Sista Mkunga aliomba apandishwe. Tulimwinua, mimi na masista wawili, tukamweka kwenye kiti, nikakaa mbele yake, wakatufunga pamoja viunoni kwa kanga ili asiteleze. Nilikuwa nimesema abiria hapana, na nilikuwa wa kwanza kuivunja amri yangu, lakini palikuwa tambarare na nilikwenda polepole mno. Tulizunguka ua wa misheni, tukapita mbele ya kanisa, tukapita zahanati. Mikono yake ilikuwa imeshika koti langu.

"Sasa huu ni mwendo gani?" akaniambia sikioni. "Hata maiti inakwenda haraka kuliko hivi."

Nikaongeza moto kidogo. Nikasikia anaimba chinichini, sikujua wimbo gani.

Jubilei ilifika, nami nikapanda kwenda. Baba Askofu alikuja, kwaya ziliimba, watu walijaa mpaka nje. Jukwaa la zege lilikuwa tupu, na kina mama wenye watoto walikuwa wamekaa juu yake kwa raha zao, kwa sababu lilipata jua la asubuhi. Mpaka leo siku za kliniki wanakaa hapo. Sista kijana hakuwepo misa ilipoanza. Alitokea wakati wa kupeleka vipaji altareni, tope mpaka magotini, akaegemeza Tisini kwenye ukuta wa sakristia na kuingia akitembea kwa vidole ili asisumbue. Sista Mkunga, aliyekuwa mstari wa mbele, aligeuka akamtazama. Yule kijana akainua vidole viwili. Mapacha. Sista akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye sala zake.

Sista Mkunga bado yupo, na bado anamwendesha paroko. Sista kijana huja Kihonda mara kwa mara na ile pikipiki, na bodaboda wa hapa kwangu wamemzoea, wanamwamkia kabla hajavua kofia ngumu. Mara ya mwisho alikuja asubuhi moja ya baridi. Ameshajifunza kufungua plagi, kukaza mnyororo, kuziba pancha. Nilimtafutia kasoro za kutengeneza, nikapata taa ya nyuma tu, balbu imeungua.

Nikampa chai. Akanieleza habari za kitongoji fulani cha juu kabisa, ambako walikuwa wamemzoea kufika na mkunga wa kienyeji ameanza kumwita mapema, siyo baada ya mambo kuharibika. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo, kama nishawahi kusikia habari za Mia na Kumi ya shambani, ile yenye kijiti cha gia chini ya injini.

"Nani amekwambia?"

"Sista. Anasema yeye aliiomba enzi zake wakamnyima."

Nilicheka. Nilimwambia zipo chache, wenye nazo hawaziachii, lakini nitaulizia Kingolwira na Turiani, na nikiipata nitaifungua mpaka nati ya mwisho kabla hajaigusa. Akashukuru, akavaa kofia juu ya shela. Nikamkumbusha abadilishe oili kabla ya masika. Akasema ameshabadilisha, akapiga kiki mara moja, akaondoka.